Mkono Ulioshika Kalamu

Kitabu cha Kathleen Stahl kuhusu historia ya Wachagga kilichapishwa mwaka 1964, na hadi leo mtu anayetafuta habari za wamangi, yaani watawala wa Kichagga, kama Horombo wa Keni, Sina wa Kibosho au Rindi wa Moshi hana budi kupitia humo. Ukikisoma kwa makini utakuta jina moja likirudi kila mara pale anapoeleza habari zake amezipata wapi: Nathaniel Mtui. Mtui alikuwa mtu wa Marangu, aliyesomeshwa na wamisionari wa Kilutheri. Mwanzoni mwa karne ya 20, wazee walioviona vita vya wamangi wakiwa bado hai, aliwafuata, akawasikiliza, akayaandika waliyomwambia. Yakawa madaftari tisa. Miaka mingi baadaye Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria za mila za Kilimanjaro, naye aliyarudia madaftari hayohayo.

Nikiwaomba watu hapa Moshi wanitajie mwandishi mmoja wa mlima huu, wengi humtaja Ernest Hemingway. Mtui hawamjui. Wala siwalaumu, maana Hemingway anauzwa kwenye fulana za watalii na Mtui yumo kwenye tanbihi. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niliangalie upya suala la kukusanya saini na miswada ya waandishi maarufu, jambo ambalo kwetu huonekana kama mchezo wa matajiri wa Ulaya na Marekani. Limetugusa zamani sana, na linaendelea kutugusa kila msiba unapokwisha na kabati la marehemu likafunguliwa.

Nianze na huyo Hemingway. Alikuja Afrika Mashariki kuwinda mwishoni mwa 1933, akaondoka mapema 1934. Kilimanjaro hakuipanda. Agosti 1936 hadithi yake ya theluji ya mlima huu ikatoka katika jarida la Esquire. Muswada wake uko Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, na wasomi waliokaa nao wakaulinganisha na maandishi yaliyochapwa wameonyesha mambo ambayo msomaji wa kawaida asingeyaona kamwe. Yule mgonjwa anayekufa polepole chini ya mlima, tunayemjua kwa jina la Harry, katika muswada aliitwa Henry Walden. Jarida lilipotoka, ndani ya hadithi mlitajwa wazi jina la Scott Fitzgerald, rafiki wa mwandishi, kwa namna ya kumsikitikia. Fitzgerald aliandika barua kulalamika, na hadithi ilipoingia kitabuni mwaka 1938 jina likawa Julian. Barua moja na bunda la karatasi zilizofutwafutwa vinatuonyesha mtu akifikiri, akikosea, akimuumiza mwenzake, kisha akirekebisha. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya kukusanya miswada. Kitabu kilichochapwa kinaficha jasho lake, na muswada unalionyesha.

Sokoni, hata hivyo, sababu huwa nyingi. Saini tupu iliyokatwa kwenye karatasi ni kitu cha chini kabisa katika biashara hii. Inathibitisha tu kwamba fulani aliwahi kushika kalamu. Juu yake kuna kitabu chenye saini, na kitabu chenye tabaruku kwa mtu anayejulikana huzidi. Barua yenye maneno mazito huzidi hapo. Muswada kamili wa kazi inayopendwa ndio huleta mamilioni: gombo la karatasi refu kupita mita 30, ambalo Jack Kerouac alipigia chapa riwaya yake mwaka 1951 kwa muda wa wiki tatu, liliuzwa mnadani mwaka 2001 kwa dola milioni 2.43. Bei haipimi ubora wa maandishi. Hupima uchache, hamu ya wanunuzi wawili waliokutana siku hiyo, na uhakika wa njia ambayo karatasi imepita tangu mezani kwa mwandishi hadi mezani kwa dalali. Njia hiyo ikikatika, bei huanguka.

Mlimani kwetu alama za kwanza za mkono zilizothaminiwa na wageni hazikuwa za waandishi. Juni 1885 Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Carl Peters, alifika kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akaondoka na mkataba. Mikataba ya akina Peters ya miaka ile imejaa alama za watawala waliotia mkono kwenye karatasi za lugha wasiyoisoma. Karatasi hizo zilisafirishwa Berlin, zikawa hoja ya kudai nchi nzima. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba kukusanya saini ni starehe isiyo na madhara, hukumbuka kwamba juu ya udongo huu saini ilianza kama mtego.

Baada ya hapo zilikuja shule. Wamisionari wa Kianglikana walianza Moshi mwaka huohuo wa 1885, na wale wa Leipzig wakafika 1893. Vijana wakajifunza kuandika, na kuandika kwao kukazaa akina Mtui. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi miaka mingi Moshi ya zamani, kule Kidia, aliyaandika mafundisho ya jando na sheria za Wachagga kwa upana ambao hakuna mwingine ameufikia. Juzuu tatu za mafundisho hayo zilitoka kati ya 1932 na 1938, kwa Kijerumani. Namheshimu Gutmann. Bila yeye maneno ya wazee wale yangezikwa nao. Hata hivyo kitabuni jina lililoandikwa mbele ni lake, wazee wako nyuma, na kumbukumbu za misheni ya Leipzig ziko Halle, Ujerumani, katika taasisi ya Francke. Mjukuu wa mzee aliyesimulia akitaka kuona mahali babu yake alipokatizwa, au neno ambalo mmisionari alilisikia vibaya kisha akalifuta, atahitaji viza.

Pwani walitutangulia katika haya kwa karne kadhaa, na ni vizuri kujifunza kwao, kwa sababu kule dhana yenyewe ya mkono wa mwandishi haifanani na ya Ulaya. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji, na sasa zimetunzwa Goa, India. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1728 iko Hamburg. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, yangepotea kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingeyakusanya kutoka vinywani mwa watu. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari W. E. Taylor, karatasi zikafika Chuo cha SOAS mjini London, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabuni. Mashairi mengi ya aina hiyo hatunayo katika mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Tunayo katika mwandiko wa mnakili.

Mnakili mkubwa kuliko wote alikuwa Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na bingwa wa hati. Watafiti Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann walimwomba awaandikie tendi za kale, naye akawaandikia kwa malipo, mara nyingine utendi uleule kwa watu tofauti. Je, nakala hizo ni za asili? Mnunuzi wa London anayetaka karatasi iliyoguswa na mtunzi angesema hapana. Mimi nasema swali limekosewa. Kwa utaratibu wa pwani kazi iliishi kwa kunakiliwa, na mnakili aliweka jina lake mwishoni pamoja na tarehe na dua, akibeba dhamana ya alichokiandika. Huo mstari wa mwisho una uzito kuliko saini nyingi za mnadani, maana unasema nani alishika kalamu, lini, na kwa ajili ya nani. Ukiukata ukurasa huo, au ukaupiga picha utendi ukauacha mstari huo nje, umeupoteza ushahidi mkubwa kabisa.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wetu wa mlimani. Tumepoteza karatasi, ndiyo, lakini zaidi tumepoteza majina ya walioziandika. Mtui ana bahati, kwani Stahl alimtaja. Makarani wa mabaraza ya wamangi, walimu wa shule za vijijini waliojaza madaftari ya methali za ukoo, waandishi wa barua za chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1925 kabla ya chama cha ushirika cha KNCU cha 1933, watu waliolilisha habari gazeti la Komkya katika miaka ya 1950, wengi wao wamebaki mwandiko tu usio na mwenyewe.

Sheria inasaidia kiasi gani? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka mpaka katika mwaka 1863: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na mkono wa binadamu nchini kabla ya hapo kinalindwa moja kwa moja na hakiruhusiwi kutoka bila kibali. Tazama maana yake kwa Kilimanjaro. Shule ya kwanza ya kizungu hapa ilikuja miaka 22 baada ya mpaka huo. Kwa hiyo karibu kila kitu ambacho Mchagga alikiandika kwa mkono wake kimezaliwa nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 nayo inahusu zaidi nyaraka za serikali, na barua ya mwalimu wa Machame kwa mchumba wake si waraka wa serikali. Hakimiliki ni jambo jingine tena, na watu huichanganya na umiliki wa karatasi: anayenunua barua ya mwandishi amenunua karatasi na wino. Haki ya kuyachapa maneno yake hajainunua, hiyo hubaki kwa mwandishi au warithi wake kwa muda uliowekwa na sheria.

Nchi nyingine zilishaonja uchungu huu. Mwaka 1928 Alice aliyetungiwa kisa cha Lewis Carroll aliuza muswada wake mnadani London kwa pauni 15,400, akiwa mjane mwenye mahitaji, ukaenda Marekani. Waingereza waliona kama wameng'olewa jino. Baadaye Wamarekani walichanga, wakaununua, na mwaka 1948 wakaurudisha London kama zawadi, na upo huko hadi leo. Kwa upande wetu wa dunia, miswada ya Chinua Achebe iko Harvard. Sioni ubaya kwa familia kuuza. Ada za shule ni ada za shule, na chumba chenye ubaridi uliopimwa huko ng'ambo ni bora kuliko mchwa. Nasikitika muswada unapoondoka bila nakala kubaki, na bila mtu wa hapa kuusoma kwanza. Miaka ya 1960 John Allen alizunguka pwani kukusanya hati kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine zikichukuliwa zenyewe, nyingine zikipigwa picha, na orodha yake ilichapishwa 1970. Mlimani hakupita mtu kama huyo na gari lake, akigonga mlango kwa mlango.

Tuna mfano mmoja wa nyumbani ambao ningependa kila familia iujue. Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kwa zaidi ya robo karne. Ulenge hakuzitupa. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikazichapa kwa jina la *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Humo mshairi mkuu wa lugha yetu anaonekana akiwa ndugu na mtumishi wa serikali, mtu wa kawaida mwenye shida za kawaida. Hakukuwa na mnada wala mkusanyaji mwenye pesa. Alikuwapo ndugu aliyeona haya kuchana barua ya kaka yake. Vilevile *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vilichapishwa 1968, miaka sita baada ya mtunzi kufariki. Vitabu hivyo tunavyo kwa sababu kuna aliyeitunza miswada.

Na muswada unaweza kuwa juu ya chochote. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, aliandika riwaya nzima ya Kigikuyu gerezani Kamĩtĩ kwenye karatasi za chooni. Askari wakazichukua, baadaye wakamrudishia. Mtu akikuambia kwamba daftari la kurasa 80 lililoliwa na mende pembeni halina thamani, mkumbushe Kamĩtĩ.

Kwa mtu wa Moshi anayetaka kuanza, pa kuanzia si mnada wa London. Aanze kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, ambako vitabu vya shule za misheni hufika na majina ya waliovimiliki yakiwa ndani. Zaidi ya yote aanze kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Kwa desturi ya Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo sanduku la bati lenye barua humwangukia yeye, ambaye mara nyingi ndiye aliyemfahamu babu kwa uchache zaidi. Ndugu hurudi Desemba, hukaa kikao, hugawana mashamba na ng'ombe. Karatasi hazigawanywi. Zinawashiwa jiko, au zinakwenda kwa mama anayefungia karanga stendi.

Maadui wa karatasi wanajulikana. Huku juu Marangu, Machame na Kibosho, mvua za masika huleta koga ndani ya wiki chache, na moshi wa jiko hula karatasi polepole. Kule chini tambarare kuna mchwa na vumbi. Adui mkubwa kuliko hao wote ni upendo usio na maarifa: watu hupeleka barua ya babu kwenye duka la steshenari ikafungwe ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, kama cheti cha kidato cha nne. Ikishafungwa hivyo haifunguki tena bila kuharibika. Selotepu nayo hugeuka rangi ya chai, na pini za chuma hutoboa kwa kutu. Bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu palipoinuka juu ya sakafu, na picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa ndugu watatu wa miji tofauti, hivyo vinatosha kwa kuanzia.

Udanganyifu pia upo, na utaongezeka bei zikipanda. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lililipa zaidi ya marka milioni tisa kwa shajara za Hitler zilizokuwa za kughushi, na kilichowaumbua kilikuwa karatasi: ilikuwa na kemikali ambayo viwanda vilianza kuitumia baada ya vita. Hapa kwetu vipimo ni rahisi zaidi. Kalamu za bolpeni, ambazo wengi huziita bic, zilianza kuuzwa miaka ya 1940, kwa hiyo barua ya 1925 iliyoandikwa kwa kalamu hiyo ni ya uongo. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza 1935. Muhuri wa posta wa enzi ya Wajerumani uliandika jina la mji kwa tahajia yao, Moschi. Ndiyo maana bahasha isitupwe kamwe. Watu hutunza barua na kutupa bahasha, kumbe bahasha ndiyo shahidi.

Mwaka juzi nilianza kupanga karatasi za nyumbani kwetu. Kulikuwa na barua kumi na moja ambazo babu alimwandikia baba alipokuwa shule ya bweni, kila moja ikimalizika kwa maneno "Mimi baba yako" na jina lake, kwa mwandiko wa kulala, mzuri, usio na kufuta. Nilizipenda. Nilishaanza kusema kwa watu kwamba babu yangu aliandika vizuri kuliko walimu wa leo. Mama alikuwa amekaa barazani akichambua maharage, nikampelekea moja.

"Mama, tazama mwandiko wa babu."

Akaishika kwa mbali, jinsi anavyoshika kila kitu cha kusoma siku hizi.

"Babu yako hakujua kusoma, mwanangu. Huo ni wa shangazi yako. Jioni alikuwa akimkalisha hapo mlangoni, yeye anasema, mtoto anaandika. Alikuwa darasa la nne."

Shangazi huyo ndiye aliyeachishwa shule mwaka uliofuata ili kaka yake aendelee. Nilichukua penseli laini, nikaandika nyuma ya kila bahasha: maneno ya babu, mkono wa shangazi. Kisha nikaongeza jina lake lote, na la kijiji, na mwaka kama mama alivyoukumbuka.